Bafu Dogo, Akiba Ndogo

Tulipotengeneza bafu letu mara ya kwanza nilivutwa na vigae vyeupe dukani, na akiba yote ikaishia hapo. Baada ya miezi mitatu bomba lililovuja ndani ya ukuta likatulazimu kuvunja vigae vile vile. Maji nayo yalituama sakafuni. Mama mkwe akateleza, akavunjika mkono.

Mara ya pili tuliketi, baba watoto na mimi, tukaandika kazi kwa utaratibu huu:

1. Mabomba. Usiku, tangi likiwa limejaa, funga koki zote usome mita ya maji. Ikiwa imesogea asubuhi, pana mahali panavuja. Anza hapo.

2. Sakafu. Iteremke kama sentimeta 2 kwa kila mita kuelekea tundu la maji machafu. Kabla ya vigae kuwekwa, mwaga ndoo ya maji mbele ya fundi. Yakituama, arudie.

3. Choo. Kiache kilipo. Kukihamisha ni kuchimba sakafu na kulaza bomba jipya.

4. Vigae. Sakafu ya mita 2 kwa 1.5 ni mita 3 za mraba; nunua 3.3, kwani vingine huvunjika vikikatwa. Chagua visivyoteleza. Ukutani viweke penye kuogea tu. Kwingine rangi ya mafuta yatosha.

Vigae vyetu vya sasa ni vya bei nafuu, wala having'ai. Lakini mama mkwe huingia kuoga peke yake, nami naendelea na mapishi yangu bila hofu.