Mpira na Kitabu Si Maadui

Wahenga walinena kwamba mshika mbili moja humponyoka. Kwa muda mrefu methali hii imetumiwa shuleni kwetu, tangu Malindi hadi Kilifi na Kaloleni, kumtisha kijana apendaye mchezo. Huambiwa achague: ama kitabu, ama uwanja. Mimi niliyeshika chaki kwa miaka mingi nasema kwamba hapo methali imetumiwa pasipo mahali pake.

Nitatoa ushahidi wa mbali kidogo, katika kandanda ya Kimarekani, mchezo wa mpira wa yai unaokaribiana na raga yetu. Jerry Rice alizaliwa Mississippi, mwana wa mwashi. Wakati wa likizo alimsaidia babake kazini, akidaka matofali aliyorushiwa na nduguze. Mikono yake ikapata wepesi na nguvu. Siku moja msimamizi wa shule alimfumania akitoroka masomo. Kijana alitimua mbio zilizomshangaza mkubwa huyo. Adhabu aliipata, lakini pia alipelekwa kwa mkufunzi wa timu. Kutoka hapo alikwenda chuo kikuu, na mwaka 1985 akasajiliwa na San Francisco 49ers kuwa mpokeaji, yaani mchezaji akimbiaye mbele kudaka mpira. Alicheza misimu 20, akadaka mara 1,549, rekodi ambayo haijavunjwa.

Walimu wenzangu, tutazame alivyofanya yule msimamizi. Hakusamehe utoro, wala hakuizima kipawa kwa sababu ya utoro. Je, sisi tunapomkuta mtoto wa Mayungu, Ngomeni au Takaungu akikimbia, huona nini zaidi ya kosa?

Hata hivyo, wanafunzi wasidanganyike kwamba kila mwenye mbio atakuwa Rice. Ligi ya NFL ina timu 32, na kila moja huandikisha wachezaji 53 tu. Nafasi zote hazifiki 1,700. Mkenya mwenzetu Daniel Adongo, mzaliwa wa Nairobi, aliyajua hayo. Alikuwa amecheza raga Afrika Kusini na New Zealand, na mwaka 2013 timu ya Indianapolis Colts ikamsajili ilhali hakuwahi kucheza mchezo huo hata mara moja. Hakuwa mpokeaji bali mlinzi. Desemba mwaka huo akawa Mkenya wa kwanza kucheza katika ligi hiyo. Hilo ni tendo la ushujaa lisilopaswa kudharauliwa. Lakini alipoachwa na timu mwaka 2015 alikuwa amecheza mechi chache tu, na umri wake haujatimia miaka 26.

Basi ni nini kimfaacho kijana ambaye kazi ya ujana wake yaweza kukoma kabla ya kutimiza miaka 30? Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Ngama ya mchezaji ni elimu yake. Goti likiteguka au mkataba ukikatika, ndiyo itakayompokea.

Suala hili si la ndoto za ng'ambo. Katika mtaala wetu mpya, mwanafunzi aingiaye Gredi ya 10 huchagua mmojawapo wa mikondo mitatu, na mmoja ni Sanaa na Sayansi ya Michezo. Hofu yangu ni kwamba mkondo huo utageuzwa jalala, mahali pa kuwatupa walioshindwa na hesabu. Tukifanya hivyo, tutakuwa tumewadhulumu mara mbili: tutawanyima kitabu, na uwanja wenyewe tutawapa bila mkufunzi, bila vifaa na bila elimu ya mwili. Mwanamichezo anahitaji kuelewa lishe, majeraha, mikataba na akiba. Hayo yote ni masomo.

Kwa hiyo nawaomba wakuu wa shule za kaunti yetu wasipange wanafunzi katika mkondo huo kwa kutazama alama za chini pekee. Kipindi cha michezo kisiporwe kwa ajili ya marudio ya mitihani, na uwanja wa shule usimegwe kwa kisingizio chochote. Nanyi wanafunzi, msitumie mpira kuwa kichaka cha kukwepea darasa. Mikono miwili Mungu ametupa. Hakuna aliyeamuru kwamba mmoja ukae bure.