Mambo ya Michezo: Ngumi za Waruinge na Wangila

Tangu Machi 2025, Kamati ya Olimpiki ilipokubali mchezo wa ngumi uwemo katika Michezo ya Los Angeles ya 2028, shabiki mmoja wa Ruiru hana mazungumzo mengine. Besiboli nayo itarudi mwaka huo, lakini hiyo awaachia Wamarekani na Wajapani.

Bondia wake ni Robert Wangila, aliyemwangusha Laurent Boudouani wa Ufaransa katika raundi ya pili, Seoul, 1988, akatwaa dhahabu. Mwenzake wa Thika hamkubali ila Philip Waruinge. Huko Mexico, 1968, waamuzi watatu kwa wawili walimpa ushindi mwenyeji, Antonio Roldán. Waruinge akapata shaba, kisha akatunukiwa Kombe la Val Barker kwa kuwa bondia stadi kupita wote! Ajabu iliyoje.

“Basi heri kumwangusha mtu kuliko kuwangoja waamuzi,” husema wa Ruiru. Mwenzake humkumbusha kuwa Wangila alifariki mwaka 1994, baada ya pambano Las Vegas, akiwa na miaka 26. Hapo wa Ruiru hunyamaza, na ni haki anyamaze.

Tangu Seoul, Kenya haijapata medali ya ngumi katika Olimpiki. Hilo hawabishani.