SI MAJI PEKE YAKE YANAYOANGUSHA NYUMBA

Mto ukifurika huja watu wa kupima. Hutazama maji yamepanda kiasi gani, huhesabu nyumba zilizoanguka, huandika majina, kisha huenda zao. Je, huko ndiko kupima unyonge wa watu? Sisi twasema sivyo.

Kupima maji ni kazi nyepesi. Mwishoni mwa 2023 na mwanzoni mwa 2024 Mto Kongo ulipanda sana, hata kule Kinshasa ukafika kimo ambacho hakijaonekana tangu mafuriko ya 1961. Jimbo letu la Tshopo nalo lilipatwa. Lakini maji yale yale hayaumizi watu wote sawasawa. Mwenye nyumba ya matofali, mshahara, na ndugu wa kumpokea Makiso, apata hasara, kisha huinuka. Mwenye kibanda cha udongo ukingoni, aliyekwisha kuuza vyombo vyake ili kununua dawa ya mtoto, alikuwa ameanguka zamani. Maji yalimkuta chini.

Ni nini basi kilichomwangusha kwanza? Tutazame Lubunga, ng'ambo ya kushoto ya mto. Mwezi wa Februari 2023 Wambole na Walengola waligombana kwa ajili ya ardhi. Watu waliuawa, nyumba zikachomwa moto, na maelfu wakavuka kukimbilia ng'ambo hii. Hayo hayakuletwa na mvua. Mtu aliyeacha shamba lake la mihogo akaja kulala hemani, mto ukijaa kabla ya mwaka kwisha, ana nini cha kujikinga? Kipimo cha mvua hakijui habari zake.

Tukumbuke na vita vya siku sita. Mwezi wa Juni 2000 majeshi ya Rwanda na Uganda yalipigana katikati ya mji wetu, na raia mamia wakafa. Ilikuwa tarehe 9 Februari 2022 ndipo Mahakama ya Kimataifa ya Haki huko The Hague ilipoamuru Uganda ilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya miaka ile ya vita. Mjane akingoja zaidi ya miaka ishirini, kungoja kwenyewe kwamla. Nani ameandika hayo katika hesabu yake?

Wako watakaotujibu kwamba wataalamu wamekwisha kufanya hesabu hizo. Ni kweli, zipo. Chuo Kikuu cha Notre Dame, chuo cha Kikatoliki huko Marekani, hupanga nchi za dunia kwa unyonge wao mbele ya mabadiliko ya hali ya hewa: chakula, maji, afya, makao, na uwezo wa kujitayarisha. Kongo yetu huwa karibu na mkia. Hatuidharau kazi hiyo; yawafaa wenye kugawa fedha kati ya nchi na nchi. Lakini maji hayaingii katika nchi nzima, huingia katika nyumba ya mtu. Alama moja ya Kongo yote haiwezi kutenganisha Makiso na Lubunga.

Wengine husema maskini hawajui kupima. Huo ni uongo! Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Mama auzaye samaki sokoni ajua ni mwezi gani mihogo hupanda bei, ni nyumba ipi ya mtaa wake yenye mgonjwa, na njia ipi hukatika kwanza. Mvuvi wa Kiwagenia ameyasoma maji ya maporomoko tangu utoto wake. Kwa nini hao waulizwe majina tu, wasiulizwe maarifa yao?

Basi twataka mambo matatu. Kwanza, watu wapimwe kabla ya mafuriko, mtaa kwa mtaa, na wenyeji wawe miongoni mwa wapimaji. Jumuiya zetu za mitaa zaweza kuanza hata leo. Zahitaji daftari tu na watu waaminifu. Pili, iulizwe habari ya ardhi, deni, akiba, na mahali pa kukimbilia, wala si kimo cha maji peke yake. Tatu, majibu yasomwe hadharani mbele ya waliohesabiwa, pamoja na kutajwa nani atatenda nini, na lini. Asiyekusudia kutenda lolote asije kuuliza.