Programu ya lenzi haijui unataka kuona nini

Kila nikigusia habari za kamera au darubini hapa, swali linalonifikia ni lile lile: "Kaka, ni programu gani nzuri ya kubuni lenzi, na nitaipata wapi bila kulipa?" Wengine hawazunguki, wanataka moja kwa moja nakala iliyovunjwa kufuli. Jibu langu la leo litawaudhi baadhi yenu. Kama wewe ni mwanafunzi au programa anayeanza mambo ya lenzi, usianze na programu kubwa, hata ukipewa bure na mwenye mali. Andika yako kwanza. Ni mistari mia moja hivi, pengine pungufu.

Najua, mtaniuliza kwa nini mtu ajisumbue kuandika kilichokwisha kuandikwa na mabingwa. Ngoja tufungue kwanza tuone ndani mna nini.

Ukifungua Zemax, CODE V au OSLO, kitu cha kwanza kukutana nacho si picha ya lenzi bali jedwali, kama lile la Excel. Kila mstari wa jedwali ni uso mmoja ambao mwanga utapitia. Kwenye safu zake unajaza nusukipenyo cha mkunjo wa uso huo, umbali hadi uso unaofuata, kitu kilichojaa katikati (kioo cha aina fulani au hewa), na upana. Lenzi moja ya kawaida ni mistari miwili, maana ina uso wa mbele na uso wa nyuma. Lenzi ya simu iliyo mfukoni mwako ni jedwali refu zaidi, lenye safu za ziada kwa sababu nyuso zake si vipande vya duara kamili.

Baada ya hapo programu inarusha miale. Mwale unafika kwenye uso, programu inatafuta mahali ulipogusa, inatumia kanuni ya Snell kujua umepinda kiasi gani, kisha inaupeleka kwenye uso unaofuata. Ni kanuni ile ile tuliyofundishwa sekondari kwa pini nne na kipande cha kioo juu ya karatasi. Rudia kwa maelfu ya miale, kusanya mahali ilipoangukia, na unapata mchoro wa madoa unaokuonyesha nukta moja ya mwanga itatawanyika vipi kwenye picha. Programa yeyote aliyewahi kuandika kitanzi cha "for" ndani ya kitanzi kingine anaweza kufanya hivyo kwa siku moja ya mvua.

Haya, tuchukue mfano wenye tarakimu. Tuseme una lenzi yenye uso mmoja bapa na mwingine mbinuko. Mbinuko una nusukipenyo cha milimita 50, unene wa lenzi ni milimita 4, na kipimo cha kioo cha kupinda mwanga ni 1.5. Kitabu cha shule kitakwambia fokasi ni milimita 100, basi. Sasa tuma mwale ulio sambamba na mhimili, ukipita milimita 10 kutoka katikati, uingie kwa upande bapa. Utakata mhimili milimita 95.4 nyuma ya kilele cha mbinuko. Yaani umefika milimita 4.6 kabla ya pale miale ya katikati inapokutana. Sasa igeuze lenzi, mbinuko utazame kule mwanga unakotoka. Kioo ni kile kile, bei ni ile ile, lakini kosa limeshuka hadi kama milimita 1.2.

Kwa nini? Mwale sambamba ukiingilia upande bapa haupindi hata kidogo, kwa hiyo kazi yote inaangukia uso wa mwisho. Ukigeuza, nyuso mbili zinagawana kazi. Programu kubwa itakupa matokeo hayo hayo kwa kubofya mara mbili, lakini haitakuambia ni kwa nini. Ukiwa umeandika mwenyewe, utaona kwenye msimbo wako uso wa kwanza ukirudisha pembe sifuri, na hutasahau tena.

Mwaka 1840, Joseph Petzval alipokuwa akibuni lenzi yake ya picha kule Vienna, alisaidiwa na askari wa mizinga waliokuwa hodari wa hesabu. Hiyo ndiyo iliyokuwa tarakilishi yake! Siku hizi kazi ya kikosi kile inaisha kabla hujainua kidole kwenye kibodi, nami sina hamu ya kurudi huko. Ila askari wale hawakuwa na kitufe kimoja ambacho sisi tunacho, na kitufe hicho ndicho kinachonipa wasiwasi: kitufe cha kuboresha.

Kitufe hiki hufanya kazi hivi. Unaipa programu ruhusa ya kubadilisha baadhi ya namba kwenye jedwali, kisha unaiandikia kanuni ya alama, yaani hesabu moja inayosema muundo huu ni mbaya kiasi gani. Programu inabadilisha namba kidogo kidogo ili alama ipungue. Chukua ile lenzi ya vioo vitatu aliyoibuni Dennis Taylor mwaka 1893, maarufu kama "Cooke triplet". Ina nyuso sita na nafasi mbili za hewa, yaani namba nane za msingi za kuchezea, ukiacha unene na aina ya vioo. Ukijaribu thamani kumi tu kwa kila namba, una miundo milioni 100 ya kupima. Kwa hiyo programu haijaribu yote. Inateremka kutoka pale ulipoiweka hadi kwenye bonde la karibu, na bonde la karibu si lazima liwe lenye kina zaidi. Ukianzia pabaya, utaishia pabaya ukiwa na grafu za kupendeza.

Hata ukianzia pazuri, inatimiza neno lako tu. Iambie "doa liwe dogo" bila kuongeza neno, na haitaona aibu kukuletea vioo viwili vilivyopenyana, au lenzi yenye unene hasi ukingoni, au kamera yenye urefu wa mita tatu. Hayo angalau yanachekesha na unayaona. Yasiyoonekana ndiyo mabaya. Tuseme unatengeneza kifaa cha kupiga picha kurasa za vitabu vya zamani. Ukubwa wa doa unapimwa kuzunguka kitovu cha doa lenyewe. Kitovu kikihama mahali pake, kipimo hicho hakijali. Kwa hiyo madoa yote yanaweza kuwa madogo kama vumbi na bado mistari iliyonyooka ya ukurasa ikatokea imepinda kama upinde. Hukuuliza habari za mistari kunyooka, basi hukujibiwa. Sisi waandishi wa programu tunalijua jambo hili vizuri: majaribio yote yanapita kijani, na mteja bado analalamika.

Kuna na kosa la upande wa pili, la kushangilia kupita kiasi. Mwanga ni mawimbi. Lenzi ya f/5, hata iwe kamilifu namna gani, haiwezi kufanya nukta ya mwanga wa kijani iwe ndogo kuliko kama mikromita 6.7 kwa upana. Mchoro wa madoa ukikuonyesha mikromita mbili, hiyo si ushindi. Miale imemaliza kazi yake na sasa unapaswa kuuliza mawimbi.

Sasa niseme kuhusu Hubble, maana ndiyo hoja yangu kubwa. Darubini hiyo ilirushwa Aprili 1990 ikiwa na kioo kikuu cha kipenyo cha mita 2.4, na baada ya wiki chache ikagundulika picha zake zina ukungu. Hesabu za ubunifu hazikuwa na kosa. Kioo kilinolewa kwa ustadi mkubwa hadi kikafikia umbo lisilo lake, kwa sababu kifaa cha kukipimia kilikuwa na lenzi iliyofungwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Ukingo wa kioo ukatoka bapa kupita kiasi, kwa kama mikromita mbili. Namba inayoeleza umbo la kioo ilitakiwa iwe -1.0023, kilichopanda angani kilikuwa karibu -1.0139.

Na hapa ndipo ninapotaka usome polepole. Vifaa vingine vya kupimia vilionyesha kosa hilo kabla kioo hakijaondoka duniani. Vilipuuzwa, kwa sababu kile kikuu kilihesabiwa kuwa sahihi zaidi yao! Kamati iliyochunguza, chini ya Lew Allen, iliyaeleza hayo Novemba 1990.

Namba ya kosa ilipojulikana, tarakilishi zikapata kazi ya maana. Wahandisi waliingiza umbo la kweli kwenye mifano yao, wakahesabu vioo vidogo vyenye kosa la kinyume, na Desemba 1993 wanaanga wakapeleka kifaa cha COSTAR pamoja na kamera mpya yenye marekebisho ndani yake. Picha zikatakata. Kwa hiyo sisemi programu hizi ni mbaya, zilisaidia kuiokoa Hubble. Ninachosema ni kwamba unahitaji njia ya pili ya kuhakikisha, hata iwe duni kuliko ya kwanza, na uiheshimu inapokupinga. Mistari yako mia moja ndiyo njia ya pili. Haitajua rangi za ziada za utando juu ya kioo, wala mwanga unaorukaruka ndani ya kasha, wala lenzi za kuvuta picha. Lakini programu kubwa ikikwambia fokasi iko 97 na yako ikasema 95, mmoja wenu ameelewa vibaya, na utalazimika kutafuta ni nani.

Kuhusu nakala za wizi, sitawahubiria sana. Zemax yenyewe ilianza mwaka 1990 kama kazi ya programa mmoja, Ken Moore, kabla ya kuwa mali ya makampuni makubwa; nikikumbuka hilo naona haya kidogo kuiba. Lakini hata ukiacha dhamiri kando, nakala ya wizi ni hasara kwa mwanafunzi. Huwezi kuchapisha matokeo yake, huwezi kuuliza msaada kwa jina lako, na huwezi kuona ndani. Programu huria zipo: RayOptics na Optiland, zote za Python, msimbo wake uko wazi. Nikipewa darasa la fizikia la chuo chochote nchini, ningefuta masomo ya "bofya hapa, kisha bofya pale" na kuwaacha wanafunzi wasome jinsi Optiland inavyopeleka mwale kutoka uso hadi uso, wakiwa wamekwisha kuandika wa kwao.

Kwa hiyo kabla hujanitumia baruapepe nyingine ya kuomba kiungo, fanya ile lenzi ya milimita 50 niliyoitaja juu. Mwale mmoja, upande bapa mbele, milimita 10 kutoka katikati. Mahali uso wa nyuma unapoguswa, ule mbinuko uko milimita 1.01 kabla ya kilele chake, usiisahau hiyo. Ukipata 95.42, niandikie, tuendelee na lenzi ya vioo viwili na rangi tatu za mwanga.