Sifuri na moja bila hata waya mmoja, huo ni ualimu gani?

Mitihani inanukia na huku vyumbani ni kelele moja tu: "moja na moja sifuri, beba moja". Watu wanakariri jedwali la kujumlisha kwa kizio cha mbili kama kasuku. Uliza kompyuta inaibeba hiyo moja kwa kitu gani, uone watakavyokutazama, utadhani umetukana mtu! Mimi leo nasema wazi, huu si ualimu. Na ubaya wake ni kwamba kesho kutwa tunakwenda TP, tutasimama mbele ya watoto wa watu na kuwakaririsha vilevile.

Utetezi wa kwanza najua ni upi... "vifaa hakuna". Vifaa gani hivyo? Tazama taa ya ngazini, ile yenye swichi moja chini na nyingine juu. Kila swichi ina pande mbili, upande mmoja uite sifuri, wa pili moja. Fundi anaweza kuifunga hivi: swichi zikitofautiana taa inawaka, zikifanana inazima. Sifuri na moja, inawaka. Moja na moja, inazima. Jamani, hiyo si ndiyo tarakimu ya jumla yenyewe? Sasa chukua swichi mbili za kawaida, uzipange mfululizo kwenye waya mmoja wenye taa yake. Taa haiwaki mpaka zote mbili ziwe moja. Hiyo ndiyo moja inayobebwa! Unganisha swichi ya ngazini na ya kawaida zigeuke pamoja kwa mkono mmoja, fanya hivyo mara mbili, umepata kijumlishi. Betri ya tochi, balbu mbili, nyaya, vipande vya bati na ubao. Kijiji gani hakina vitu hivi?

Na msidhani ni michezo ya kitoto. Mwaka 1937 George Stibitz, mwanahisabati wa Bell Labs kule Marekani, alitengeneza kijumlishi cha aina hii nyumbani kwake, kwenye meza ya jikoni. Alitumia rilei mbili za simu, balbu za tochi, betri, na vipande vya bati alivyokata kwenye kopo la tumbaku. Mkewe akakiita Model K, yaani K ya jiko kwa Kiingereza. Mwaka 1940 mashine kubwa ya rilei iliyotokana na kazi yake ilikuwa New York ikipiga hesabu zilizotumwa kwa waya kutoka chuo cha Dartmouth. Alianza na kopo la tumbaku, sisi tunasubiri maabara ya mamilioni!

Hapo kwenye rilei ndipo penye utamu wenyewe, na jedwali la ubaoni haliwezi kukufikisha. Swichi ya kidole haiwezi kumpa jirani yake kitu, lazima uigeuze wewe. Rilei ni swichi inayovutwa na sumaku ya umeme, kwa hiyo umeme wa safu moja unaweza kugeuza swichi ya safu inayofuata. Transista inafanya kazi hiyohiyo bila kitu chochote kutikisika. Jumlisha 101 na 011, yaani 5 na 3. Safu ya kwanza inabeba moja, ya pili inabeba, ya tatu inabeba, jibu 1000. Hakuna aliyeibeba kwa mkono, umeme umejibeba wenyewe! Mtoto akiona taa ya nne imewaka kwa sababu ya swichi aliyobonyeza kwenye safu ya kwanza, humwambii tena kompyuta "inajua" hesabu. Haijui kitu, ni swichi zinazosukumana. Simu aliyonayo mfukoni ina transista kwa mabilioni, wazo ni lilelile.

Wengine mtasema siku hizi kuna programu za kuchora saketi kwenye simu, ya nini kuhangaika na nyaya? Zina faida yake, sikatai. Ila unamfundisha mtoto kompyuta inavyofanya kazi kwa kumfichia kazi hiyo ndani ya kompyuta nyingine! Kwenye kioo waya haulegei, betri haiishi, taa haigomi. Kutafuta kwa nini taa imegoma ndiko kujifunza kwenyewe.

Kuna na la darasa lenye watoto wengi. Wengi ndio wazuri! Kila kundi litengeneze safu yake, kisha makundi yaunganishe nyaya. Kundi moja likikosea, jibu la darasa zima linaharibika, utaona watakavyokaguana wenyewe bila kiboko.

Ninachodai ni kidogo tu. Mwanafunzi wa ualimu asiende TP kufundisha somo hili kabla hajaweka mezani kijumlishi alichofunga mwenyewe na kinachofanya kazi. Wakubwa wakikataa kuliweka kwenye mtaala, tujipangie wenyewe Jumamosi. Michango ya sherehe tunatoa bila kusukumwa, itakuwa betri na balbu? Redio mbovu zenye transista nzima zimejaa kwa mafundi, mtu akiomba kistaarabu hanyimwi.

Mwalimu aliyekariri atazaa wakariri. Naomba kutoa hoja.