Piga hodi kabla ya kuingia pangoni

Mabeste wamepanga safari: kuna pango Kilifi, shimo kubwa katikati ya shamba la mahindi, lina popo na mizizi inayoning'inia. Video itapostiwa, wiki ijayo watafika wengine hamsini, mahindi yakanyagwe, chupa zibaki. Mwenye shamba ataweka seng'enge, nawe utalalamika eti mzee ana roho mbaya.

Hapana, ndugu yangu. Shimo kama hilo hutokea maji ya mvua yakiyeyusha mawe ya chokaa pole pole kwa maelfu ya miaka, hadi paa linaporomoka. Ukingo nao unaweza kuporomoka ukiwa juu yake. Ukianguka, mzee huyo huyo ndiye atakayetafuta kamba usiku, kisha ahojiwe na polisi.

Tena hujui unakanyaga nini. Katika pango la Panga ya Saidi, huko huko Kilifi, watafiti walipata mifupa ya mtoto wa miaka mitatu hivi, aliyezikwa yapata miaka 78,000 iliyopita. Habari hizo zilitangazwa 2021. Udongo kama huo ukishavurugwa kwa moto wa kuchoma nyama, basi tena.

Kwa hivyo piga hodi. Msalimie mzee, mwambie mko wangapi, fuata njia atakayokuonyesha, rudi na taka zako. Akikataa, shukuru uondoke. Na usitangaze mahali penyewe mtandaoni bila idhini yake. Seng'enge haichagui aliyekosa. Itamzuia hata mdogo wako ambaye hajawahi kuona pango.