Acheni Magunia, Tumeni Pesa

Katikati ya mwaka 2025 ilibainika kwamba karibu tani 500 za biskuti za lishe, zilizonunuliwa na serikali ya Marekani kwa takriban dola 800,000 na kuwekwa ghalani Dubai, zilikuwa zimeachwa mpaka zikapitwa na muda wa kuliwa, na kwamba zingechomwa moto. Zilikuwa za watoto wa Afghanistan na Pakistan. USAID, iliyopaswa kuzigawa, ilikuwa imekwisha kuvunjwa, na kuziteketeza tu kulihitaji dola nyingine 130,000. Ubaya wa jambo hilo hauhitaji kuelezwa. Linaloudhi zaidi ni somo tulilolichukua hapa nyumbani Kenya: Wamarekani wakifunga mkoba, basi sisi tujaze malori. Misikiti, makanisa, kampuni na ofisi za waheshimiwa zinarudia wito uleule wa kila ukame: leteni unga, leteni maharage, leteni mafuta ya kupikia, tupeleke Ganze na Magarini, kaunti ya Kilifi. Hakuna anayeuliza chakula cha watoto wenye njaa kilikuwa kinatafuta nini ghalani. Anayetaka kulisaidia shirika linalopambana na njaa, awe Nairobi, Muscat au Minneapolis, asichange chakula. Atoe pesa, na adai kwamba zimfikie mwenye njaa zikiwa bado pesa.

Tuanze na jambo tunalojivunia. Julai 2011, Umoja wa Mataifa ulipotangaza baa la njaa katika sehemu za Somalia huku kaskazini mwa Kenya nako kukiwa kumekauka, kampeni ya Kenyans for Kenya, iliyobebwa na Msalaba Mwekundu, Wakfu wa Safaricom, benki ya KCB na vyombo vya habari, iliomba shilingi milioni 500 kwa wiki nne. Wakenya walipita lengo hilo, wengine kwa kutuma shilingi 10 tu kupitia M-Pesa, huduma iliyokuwa na umri wa miaka minne. Sehemu ya fedha iliingia baadaye katika miradi ya maji na kilimo, na hilo ni jema. Lakini kwa wenye njaa wenyewe mchango ulifika hasa ukiwa malori na unga wa uji. Mtoaji aliaminiwa kutuma pesa kwa simu. Mpokeaji hakuaminiwa kuzipokea kwa simu. Kati ya hao wawili tofauti ilikuwa umaskini, na umaskini ukahesabiwa kuwa upungufu wa akili.

Hapa ndipo shauri lote lilipo. Njaa ya Kilifi, kwa sehemu yake kubwa, si upungufu wa chakula. Mwaka 1981 Amartya Sen, akichambua njaa ya Bengal ya 1943 na nyinginezo, alionyesha kwamba watu hufa njaa chakula kikiwapo, kwa sababu wamepoteza njia ya kukipata. Itazame wadi ya Kibarani, jirani kabisa na mji wa Kilifi. Soko liko karibu, maduka ya jumla yapo, samaki wanatoka baharini, na barabara ya Mombasa hadi Malindi inapitisha mahindi na mboga mwaka wa mvua na mwaka wa ukame. Kati ya mwisho wa 2020 na mwisho wa 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, mifugo ikafa, na zaidi ya watu milioni 4 nchini wakahitaji msaada. Hata hivyo masoko ya Malindi, Mariakani na Kilifi hayakufunga milango. Kilichokwisha ni uwezo wa kuingia humo: mbuzi aliyekonda akipelekwa mnadani Bamba hana bei, shamba halina cha kuuza, kibarua hakuna, na unga umepanda. Ukimkuta mtu huyo ukamtwika gunia umemtuliza kwa wiki mbili, na mbuzi wake bado hana bei.

Takwimu za udumavu zinasema hivyo hivyo kwa ukali zaidi. Utafiti wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta kwamba asilimia 37 ya watoto wa Kilifi walio chini ya miaka mitano wamedumaa, zaidi ya mara mbili ya kiwango cha nchi nzima, asilimia 18. Hakuna kaunti iliyozidi hapo. Si Turkana wala Mandera iliyoongoza, ni Kilifi, kaunti ya fukwe, hoteli, maembe na nazi. Mwaka 2014 kiwango cha Kilifi kilikuwa 39. Nchi imeshuka kutoka 26 hadi 18, Kilifi imejikokota. Ukame wa mwezi mmoja haumdumazi mtoto. Hudumaa siku kwa siku, tangu mimba hadi afike miaka miwili, kwa sima na mboga kidogo, kwa maji machafu na kuhara kusikokwisha. Mtoto huyo anaweza kula akashiba na bado asikue, kwa maana mahindi ndiyo anayokula tayari. Anachokosa ni yai, dagaa, maziwa, kunde, tunda, na nauli ya kumfikisha kliniki. Mama mwenye shilingi 1,000 mkononi atanunua dagaa wiki hii, atalipa bodaboda hadi zahanati wiki ijayo, na akiona mawingu ya masika atatafuta mbegu. Mwandaaji wa lori aliyeko Nairobi hawezi kujua lipi kati ya hayo ndilo la leo. Gunia halibadiliki kuwa kitu kingine ila kwa kuuzwa kwa hasara, na mtu akiuza nusu ya mahindi ya msaada ili anunue sabuni na dawa, tunamwita mwizi wa msaada. Kumbe amefanya tu hesabu ambayo sisi tulikataa kuifanya.

Wala gunia si geni katika nchi hii. Njaa ya 1898 hadi 1900 Wagiriama waliiita Magunia, kwa chakula cha msaada kilicholetwa, na zaidi ya karne moja baadaye bado tunapakua. Wageni wenyewe wameanza kuchoka kabla yetu. Mwaka 2007 shirika la CARE lilitangaza kuachana na takriban dola milioni 45 kwa mwaka za nafaka za Marekani lililokuwa likipewa ili liziuze Afrika na kugharimia miradi yake, kwa kuwa biashara hiyo iliweza kumuumiza mkulima yuleyule aliyekusudiwa kusaidiwa. Utafiti uliochapishwa mwaka 2013, uliolinganisha miradi katika nchi tisa, uligundua kwamba kununua chakula karibu na wenye njaa, au kuwapa pesa na vocha, kuliokoa karibu wiki 14 ikilinganishwa na kusafirisha nafaka kutoka Marekani. Wiki 14 ni zaidi ya miezi mitatu. Mkulima wa Magarini aliyevuna Agosti anaweza kukuta msaada uliocheleweshwa umefika pamoja na mavuno yake, na bei imeanguka siku anayotaka kuuza.

Kwa nini basi tunaling'ang'ania gunia? Kwa sababu gunia linapigika picha na M-Pesa haipigiki. Gunia lina jina la mfadhili na wakati mwingine sura ya mheshimiwa. Ujumbe wa simu unasomwa na mtu mmoja kwenye kibanda chake. Rais Ruto alipotangaza Julai 2024 kwamba maofisa wa serikali wasishiriki tena harambee, alikuwa anagusa ugonjwa huohuo wa ukarimu wa jukwaani. Kutoa ni moyo, husemwa katika kila mchango, na ni kweli. Lakini moyo unaohitaji kamera umekwisha jihesabia malipo yake.

Wapo wanaosema pesa zitapandisha bei. Ni hofu ya kuheshimiwa, na imepimwa. Huko Siaya, shirika la GiveDirectly liliposambaza takriban dola 1,000 kwa kila kaya katika kaya zaidi ya 10,500, watafiti walifuatilia vijiji 653 na kukuta bei zimepanda kwa wastani wa asilimia 0.1 tu, huku kila dola ikizaa kama dola 2.5 katika uchumi wa eneo lile, pamoja na kwa majirani wasiopewa kitu. Sehemu za ndani za Ganze hazina maduka kama Siaya, sawa. Huko mfanyabiashara afuate wateja wenye pesa, naye hufuata. Wengine wanahofia wizi. Pesa huibwa. Unga nao huibwa, tena njiani, na haukuachii kumbukumbu ya muamala.

Kisha inakuja ile hoja ya kunong'onezana, ndiyo inayomaliza subira: ukiwapa pesa wataenda kwa mgema. David Evans na Anna Popova wa Benki ya Dunia walipitia tafiti 19 kutoka mabara mbalimbali na hawakuona kwamba wanaopewa pesa huongeza matumizi ya pombe na tumbaku. Kwa jumla hupungua kidogo. Huko Rarieda, katika Siaya ileile, matokeo ya kuwapa watu pesa yalikuwa chakula zaidi mezani, si pombe zaidi. Hoja hii imejibiwa mara nyingi kiasi kwamba anayeirudia hatafuti jibu. Karani wa Nairobi hulipwa mshahara kila mwisho wa mwezi na hakuna mwajiri anayempa mahindi kwa kuhofia baa za Westlands. Mbunge hupokea posho za vikao bila kuulizwa atazinywea nini. Ni mjane wa Vitengeni peke yake anayepaswa kuthibitisha kwamba hanywi mnazi kabla ya kukabidhiwa shilingi 2,000, na pengine mnazi hajawahi kuuonja. Ukaguzi huo hauna jina lingine ila dharau.

Mambo mawili yawekwe kando kwa haki. Zaka ya fitri ina hukumu yake, na kwa Mashafii wa mwambao wetu hutolewa chakula. Hapana anayewataka waivuruge. Lakini maboksi ya futari, sadaka na michango ya ukame hayafungwi na hukumu hiyo, na zaka ya mali hutolewa pesa tangu hapo. La pili ni mtoto ambaye utapiamlo umekwisha kumkausha. Huyo anahitaji lishe ya tiba na madaktari, kama inavyofanyika katika hospitali ya Kilifi, ambako watafiti wa KEMRI na Wellcome wapo tangu 1989. Akiwa katika hali hiyo pesa ya simu imechelewa.

Hata hivyo wengi hawafiki huko ghafla, na ndipo mtoaji mdogo ana nafasi. Mpango wa NICHE, uliojaribiwa Kitui kisha ukaletwa Kilifi na kaunti nyingine, uliwaongezea walio kwenye Inua Jamii, mpango wa serikali wa kuwapa maskini pesa, shilingi 500 kwa mwezi kwa kila mjamzito au mtoto mchanga, pamoja na ushauri wa lishe. Kwa miezi 24 ni shilingi 12,000 kwa mtoto mmoja, katika umri uleule udumavu unapojengwa. Mpango huu umeegemea mikopo na wafadhili, na mmoja wao, Uingereza, alitangaza Februari 2025 kushusha misaada yake hadi asilimia 0.3 ya pato la taifa ifikapo 2027. Pengo hilo halizibwi na lori la Desemba. Linahitaji watu wanaokatwa shilingi 500 kila mwezi, mvua ikinyesha au isinyeshe, bila sharti la kijiji wala bango, na shirika linaloweza kuwaonyesha ni ngapi kati ya hizo zilifika kwenye simu ya mama na kwa tarehe gani. Shirika likijibu swali hilo kwa picha za magunia, mchango uende kwingine.